Sidi Mubarak Bombay

Sidi Mubarak Bombay (takriban 1820 – 1885) alikuwa mkalimani na kiongozi wa misafara katika Afrika ya Mashariki na Kati. Alishiriki katika safari nne kubwa za wapelelezi kutoka Ulaya katika karne ya 19.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kabila la Wayao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto wa miaka 12 hivi alitekwa, akauzwa Kilwa na kupelekwa Uhindi kama mtumwa. Huko alijifunza Kihindustani, na mji wa Bombay (leo Mumbai) ukawa jina lake. Bwana wake alipofariki, aliachwa huru akarudi Zanzibar na kuwa askari wa sultani.

Safari

Mwaka 1857 aliajiriwa na Richard Burton na John Speke. Msafara wao ulipita Kigwa ukafika Kaze (Tabora) tarehe 7 Novemba, kisha Ujiji mnamo Februari 1858. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay alitafsiri kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo Speke aliweza kupatana na watemi kuhusu hongo, chakula na ruhusa ya kupita. Mnamo Agosti 1858 wawili hao walifika kusini mwa ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza. Speke aliliita Viktoria.

Miaka 1860–1863 Bombay alisafiri na Speke na James Grant hadi Buganda kwa Kabaka Mutesa I. Mwaka 1871 alikuwa mkuu wa askari wa Henry Morton Stanley aliyemtafuta David Livingstone. Miaka 1873–1875 alivuka bara pamoja na Verney Lovett Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola.

Umuhimu

Huko Ulaya wapelelezi walisifiwa kuwa wavumbuzi. Hata hivyo njia ya Tabora ilikuwa imeshatumiwa na Wanyamwezi, Waarabu na Waswahili kabla yao, na bila wakalimani wasingeelewana na wenyeji. Bombay mwenyewe hakuandika kitabu. Habari zake zinatokana na maandishi ya waajiri wake, ambao walimsifu kwa uaminifu na pengine kumlaumu. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa medali ya fedha, na tangu 1876 pensheni. Alifariki mwaka 1885.