Profesa Staudinger: Mtaalamu Aliyesimama Peke Yake

Wako watu ambao majina yao hayatajwi vijijini mwetu, walakini kazi zao zimo katika nyumba zetu, mashambani mwetu na hata katika magunia ya mazao yetu. Mmoja wao ni Profesa Hermann Staudinger, mtaalamu wa kemia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1965. Mkulima wa Bugomora, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hakupata kumwona wala kumsikia. Hata hivyo mtu huyu alichunguza harufu ya kahawa, sumu ya ua la pareto, utomvu wa mpira na uzi wa pamba. Na elimu aliyoianzisha imemnufaisha mkulima wetu, tena imemtia hasara. Kwa sababu hizo mbili yafaa maisha yake yajulikane.

Staudinger alizaliwa tarehe 23 Machi 1881 katika mji wa Worms. Baba yake, Franz Staudinger, alikuwa mwalimu na mwanafalsafa mwenye siasa ya ujamaa, tena mmoja wa watetezi wa vyama vya ushirika katika Ujerumani. Mzee huyo hakutaka mwanawe awe msomi asiyejua kazi ya mikono. Kwa hiyo kijana alijifunza useremala kabla hajazama katika vitabu. Mwenyewe alipenda mimea, akakusudia kuwa mtaalamu wa mimea. Aliposhauriwa kwamba hawezi kuufahamu mmea barabara bila ya kuijua kemia, alikubali, na kemia ikamshika moja kwa moja. Alipata shahada ya udaktari huko Halle mwaka 1903, akafundisha Karlsruhe tangu 1907, na mwaka 1912 akaitwa katika chuo kikuu cha ufundi cha Zürich, nchini Uswisi.

Baadhi ya kazi zake za awali zilihusu mambo ambayo mkulima wa Afrika ya Mashariki angeyatambua mara moja. Pamoja na mwanafunzi wake Leopold Ruzicka alichunguza ni kitu gani ndani ya ua la pareto kinachoua wadudu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1924. Miaka michache baadaye zao hilo lilianza kulimwa Kenya, kisha Tanganyika, na hata leo hulimwa katika nyanda zetu za juu za kusini. Pamoja na mwanafunzi mwingine, Tadeus Reichstein, alichunguza harufu ya kahawa iliyokaangwa. Wahaya na Wanyambo walikuwa wamekwisha kuithamini buni vizazi vingi kabla ya hapo, wakiichemsha na kuikausha, wakamtafunisha mgeni kwa heshima. Wataalamu hao walionyesha kwamba harufu ile haitoki katika kitu kimoja, bali katika vitu vingi vilivyochanganyika kwa viwango vidogo mno, na baadhi yake vina salfa ndani yake. Wanafunzi hao wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, Ruzicka mwaka 1939 na Reichstein mwaka 1950.

Vita Kuu ya 1914 ilimkuta Staudinger huko Zürich. Vita hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake. Mwezi Juni 1915 majeshi ya Waingereza yaliushambulia mji wa Bukoba, na wapagazi Waafrika maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita isiyokuwa yao. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, Staudinger alipiga hesabu ya nguvu za viwanda za pande zote mbili, akaona kwamba Ujerumani haiwezi kushinda, akatangaza maoni yake kwamba amani itafutwe upesi. Baadaye aliandika kupinga gesi za sumu. Fritz Haber, mkuu wa kazi ya gesi hizo na mwenzake wa zamani Karlsruhe, alimlaumu kwamba ameiumiza nchi yake. Staudinger hakugeuka.

Ushupavu uo huo aliuonyesha katika elimu. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba mpira, pamba na wanga ni makundi ya molekuli ndogo zilizogandamana kwa nguvu hafifu. Mwaka 1920 Staudinger aliandika kwamba sivyo. Alisema vitu hivi ni minyororo mirefu, ambamo vipande vidogo vimeungana kimoja baada ya kingine kwa viungo vilevile vya kawaida vya kemia, hata mnyororo mmoja huweza kuwa na maelfu ya vipande. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1922 aliipa minyororo hiyo jina la molekuli kubwa.

Hakutaka aaminiwe kwa maneno matupu. Aliutia mpira gesi ya haidrojeni, ili kuziondoa zile nguvu ambazo wapinzani wake walidai ndizo zinazoyashikilia makundi. Kama wao wangekuwa na haki, mpira ungesambaratika ukawa vitu vyepesi vya kuvukizwa kwa moto. Haukusambaratika, uliendelea kuwa mzito na wenye mnato. Kisha alipima jinsi mnyororo mrefu unavyoufanya mchanganyiko kuwa mzito kuliko mnyororo mfupi, akapata njia rahisi ya kukisia urefu wa mnyororo kwa kupima mnato tu. Tena aliigeuza selulosi ya mimea kuwa kitu kingine, akairudisha tena, na urefu wa mnyororo haukubadilika. Jambo hilo lisingewezekana kama lingekuwa kundi tu la vipande vilivyogandamana.

Hata hivyo alipingwa miaka mingi. Mtaalamu mashuhuri, Heinrich Wieland, alimshauri aachane na habari za molekuli kubwa, ausafishe mpira vizuri zaidi, na hapo ataona ni kitu kidogo cha kawaida. Staudinger naye hakukosa kosa. Alishikilia kwamba minyororo hiyo ni migumu kama fimbo, na wenzake waliosema kwamba hupindika kama uzi ndio waliokuwa na haki. Ukaidi uliomsaidia kuitetea kweli ulimfanya pia akawie kuikubali kweli ya wengine.

Mwaka 1926 alihamia Freiburg, na mwaka 1928 akamwoa Magda Woit, mwanamke wa Latvia aliyekuwa mtaalamu wa fiziolojia ya mimea, yaani elimu ya namna mmea unavyoishi, unavyokunywa maji na unavyokua. Mama huyu hakuwa mke wa kumpikia profesa tu. Alifanya kazi pamoja naye, akaandika pamoja naye, akaiunganisha kemia ya minyororo na elimu ya uhai. Maana ukuta wa chembe ya mmea ni selulosi, na chakula kilichohifadhiwa katika ndizi mbichi au muhogo ni wanga, na vyote viwili ni minyororo ya sukari. Hivyo lile tamanio la ujana la kuufahamu mmea lilimrudia kwa njia ya mkewe.

Wanazi walipotwaa serikali mwaka 1933, Martin Heidegger, mwanafalsafa aliyekuwa mkuu wa chuo cha Freiburg, alimchongea Staudinger kwa mamlaka kwa ajili ya msimamo wake wa wakati wa vita. Mwaka 1934 Profesa alihojiwa, akalazimishwa kutia sahihi barua ya kujiuzulu iliyowekwa akiba kama panga juu ya kichwa chake. Haikutumiwa, lakini aliishi chini yake. Tarehe 27 Novemba 1944 mabomu yaliuangamiza mji wa Freiburg pamoja na sehemu kubwa ya maabara yake. Alianza upya akiwa mzee wa zaidi ya miaka sitini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953, akiwa na miaka 72, naye alifariki tarehe 8 Septemba 1965.

Sasa tuangalie yanayotuhusu. Kabla ya 1914 Wajerumani walipanda miti ya mpira mkoani Tanga, na bei ikaanguka mwaka 1913 kwa ushindani wa mashamba ya Asia. Hiyo ilikuwa hasara ya soko. Hasara ya katani ilitokana kwa sehemu kubwa na maabara. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna katani zaidi ya tani 200,000, ikiongoza dunia nzima. Ndipo kamba za polima za viwandani, zilizozaliwa na elimu ile ya minyororo, zikazagaa sokoni. Kufika miaka ya 1990 mavuno yetu yalikuwa chini ya tani 50,000. Wafanyakazi wa mashamba walipoteza kazi kwa ajili ya ugunduzi ambao hawakuambiwa habari zake. Na mifuko laini ya plastiki, iliyo minyororo isiyooza upesi, ilitulazimisha kuipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019.

Haifai kumlaumu Staudinger kwa hayo. Yeye alitafuta kweli, hakutafuta soko. Lakini yatupasa kufahamu kwamba asiye na maabara hupokea habari za mazao yake mwenyewe zikiwa zimechelewa. Katika miaka ya 1990 mnyauko uliingia katika kahawa ya Kagera, mibuni ikakauka ikiwa imesimama. Jembe peke yake halikuweza kuuzuia ugonjwa ule. Kilichohitajika ni watafiti, kama wale wa Maruku karibu na Bukoba, wa kuchagua miche yenye kustahimili.

Basi vyama vya ushirika na viongozi wa wilaya wasione fedha ya utafiti kuwa fedha ya anasa. Na kijana wa Bugomora apendaye mimea asiiogope kemia. Mwana wa mshirika wa Worms alianza na randa ya seremala, akasimama peke yake mbele ya wakubwa wa elimu na wa serikali, na alichokiona kimebaki kuwa kweli.