Charlie Chaplin na Kicheko Kilichokaribia Mauti

Askari aliyepata kukaa handakini anajua kwamba binadamu huweza kucheka hata mauti yakiwa karibu naye. Katika sinema, aliyeuelewa sana ukweli huo ni Charlie Chaplin.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1889, akakulia London katika ufukara mkubwa. Baba yake, mwimbaji, alifariki mwaka 1901 kwa sababu ya ulevi. Mama yake alirukwa na akili. Akiwa na umri wa miaka saba, Chaplin aliingizwa katika nyumba ya mafukara. Mwaka 1910 alikwenda Marekani pamoja na kundi la wachekeshaji, na mwaka 1914 akatokea kwenye sinema akiwa maskini mzururaji mwenye suruali pana na bakora.

Mwezi Oktoba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa bado haijakoma, alitoa mchezo uitwao Shoulder Arms. Rafiki zake walikuwa wamemwonya kwamba vita si jambo la mzaha. Yeye alionyesha askari akilala katika handaki lililojaa maji, huku akivuta pumzi kwa pembe ya gramafoni. Hakuwadhihaki waliouawa; alidhihaki tope, maji na taabu ambazo askari walizijua. Kwa hiyo askari wenyewe waliupenda mchezo huo.

Katika The Gold Rush, mwaka 1925, watu wawili wenye njaa wanapika kiatu. Chaplin anakila kwa adabu, akinyonya misumari kana kwamba ni mifupa. Kisha mwenzake anaanza kumwona kama kuku wa kuchinjwa. Wazo hilo alilipata kwa kusoma habari za wasafiri waliokwama milimani Marekani mwaka 1846, wakala nyama ya wenzao waliokufa.

Hizo ndizo kanuni za kichekesho cha namna hii. Hatari iwe ya kweli. Mchezaji asicheke, bali atende jambo la kutisha kwa utulivu. Wala mwenye kuteswa asifanywe kitu cha dhihaka.

Mwaka 1940 alimdhihaki Hitler katika The Great Dictator. Mwaka 1947, katika Monsieur Verdoux, aliigiza karani mpole aliyefukuzwa kazi, ambaye anaoa wanawake matajiri na kuwaua ili alishe jamaa yake. Mbele ya mahakama anayalinganisha makosa yake na mauaji ya vita. Wamarekani wengi walichukizwa, na mwaka 1952 alipokuwa safarini alizuiwa kurudi huko bila kuhojiwa. Akahamia Uswisi.

Hata hivyo, yeye mwenyewe aliutambua mpaka wa kicheko. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1964, alikiri kwamba lau angalijua ukatili wote wa kambi za Wanazi, asingaliweza kuufanyia mzaha wazimu wao.

Alifariki tarehe 25 Desemba 1977. Machi 1978 wezi wawili walifukua jeneza lake wakadai fedha. Mjane wake alikataa kulipa. Polisi wa Uswisi walilinda vibanda vya simu vipatavyo 200, wakawanasa, na Mei jeneza likapatikana limefukiwa shambani. Akazikwa upya, safari hii chini ya zege. Mzururaji yule hakupumzika upesi hata baada ya kufa, na kisa hicho kingefaa kabisa katika mojawapo ya sinema zake.