Prince Hall, fundi wa ngozi aliyeasisi loji ya Waafrika mjini Boston

Mwishoni mwa mwezi Aprili mwaka 1787, nahodha wa meli aitwaye James Scott aliwasili katika bandari ya Boston, katika jimbo la Massachusetts, akiwa na hati iliyotoka London. Hati hiyo ilikuwa imeandikwa tarehe 29 Septemba 1784, na zaidi ya miaka miwili na nusu ilipita kabla haijamfikia mwenyewe. Aliyekuwa akiisubiri ni mtu mweusi wa makamo, fundi wa ngozi, ambaye miaka 17 kabla ya siku hiyo alikuwa angali mali ya mtu mwingine. Jina lake lilikuwa Prince Hall. Karatasi hiyo ilimpa yeye na wenzake idhini ya kuendesha loji kamili ya Frimasoni, iliyoandikishwa London kama Loji ya Kiafrika nambari 459.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki jina Frimasoni limebebeshwa uvumi wa utajiri wa ghafla, kafara za damu na pete zenye nguvu, hata wengine huona vibaya kulitaja mbele ya watoto. Habari za loji ya Boston ni za namna nyingine kabisa. Frimasoni ni chama cha udugu kilichochukua jina na ishara zake kutoka kwa waashi wa mawe wa Uingereza na Scotland, na Loji Kuu ya kwanza ilianzishwa London mwaka 1717. Kina viapo vyake na siri zake za kutambuana, na katika karne ya 18 ndimo walimokutana wafanyabiashara, maofisa wa jeshi na wanasiasa. George Washington na Benjamin Franklin walikuwa wanachama. Kwa mtu mweusi asiye na kiti popote katika utawala, kuwa ndani ya chama kama hicho kulimaanisha kuwa na daftari la majina, mfuko wa pamoja na jina ambalo wakubwa waliolipokea katika barua walilazimika kulifikiria.

Maisha ya mwanzo ya Hall yalipambwa sana na waliokuja baada yake. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 kilimzalisha kisiwani Barbados na kumpa ukoo wa heshima, lakini watafiti waliokagua madai hayo waliyakuta hayana msingi. Kilicho thabiti kimo katika nyaraka za Boston. Alikuwa mtumwa wa William Hall, mtengeneza ngozi, akaishi katika nyumba hiyo miaka 21 na kujifunza kazi ya bwana wake. Tarehe 9 Aprili 1770 alipewa cheti cha uhuru. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo askari wa Uingereza walikuwa wamewafyatulia risasi wakazi katika barabara za mji huo, na Crispus Attucks, mwanamume mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari za uhuru, na Waafrika waliokuwa bado utumwani waliyasikia mazungumzo hayo vizuri sana.

Hall alifungua duka lake la ngozi, akawa pia mwandaaji wa vyakula vya karamu. Mwaka 1777, vita vya kujitenga na Uingereza vikiwa vimepamba moto, aliuzia kikosi cha mizinga cha Boston ngozi za ngoma, na hati ya malipo yake ingaliko hadi leo. Alikuwa mwanakanisa, mlipa kodi, mtu wa kuandika barua. Mwandiko wake haukunyooka kama wa waliosoma shuleni, kwani alijisomesha kwa sehemu kubwa, lakini hoja zake hazikuwa na makengeza.

Kwa mujibu wa kauli inayokubaliwa na wengi, Hall na wanaume wengine 14 weusi walio huru waliingizwa katika Frimasoni tarehe 6 Machi 1775. Loji za Wazungu za Boston hazikuwafungulia mlango. Waliowapokea ni wanajeshi wa upande wa pili, yaani loji ya Kikosi cha 38 cha Uingereza, iliyokuwa na kibali cha Ireland. Mwaka mmoja baadaye Waingereza waliuhama mji, na ndugu hao 15 wakabaki na ruhusa finyu. Waliweza kukutana, kuandamana katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na kuzika wafu wao kwa taratibu za chama. Hawakuruhusiwa kuingiza wanachama wapya. Haki ya kuzika huenda ikaonekana ndogo kwa asiyejua mambo ya wakati ule, lakini kwa watu ambao wengi wao walikuwa wametenganishwa na jamaa zao kwa kuuzwa, kuwa na uhakika wa watu watakaosimama kaburini lilikuwa jambo zito.

Hata maandamano yao yalifanyiwa mzaha. Mwishoni mwa mwaka 1782 gazeti moja la Boston liliripoti sherehe yao kwa kuipachika loji jina la kejeli lililotokana na weusi wa ngozi zao. Hall aliliandikia gazeti hilo kwa adabu, akalisahihisha jina na kueleza kwamba wao hawakutafuta makuu. Miaka miwili baadaye aliandika London kuomba hati kamili, akieleza kwamba walikuwa wakikutana kwa kibali tu kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo hati iliyoletwa na nahodha Scott.

Kabla haijafika, mambo mazito yalikuwa yamekwisha kupita. Januari 1777 Hall na wenzake saba walitia saini ombi kwa Bunge la Massachusetts la kutaka utumwa ukomeshwe, wakionyesha kwamba kanuni zile zile walizozitumia Waamerika dhidi ya mfalme wa Uingereza ziliwahusu pia Waafrika waliokuwa katika minyororo ya Waamerika hao. Bunge halikutoa uamuzi. Mahakama ndizo zilizoanza kuuvunja utumwa katika jimbo hilo kufikia mwaka 1783, na hesabu ya watu ya mwaka 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Uhuru huo haukuwa usawa. Novemba 1786, wakulima wenye madeni walipoasi magharibi mwa jimbo wakiongozwa na Daniel Shays, Hall alimwandikia gavana James Bowdoin akiahidi wanaume weusi 700 wa kulinda serikali. Gavana alikataa. Haikupita miezi miwili, tarehe 4 Januari 1787, Hall na watu weusi zaidi ya 70 walipeleka ombi la namna nyingine kabisa. Waliomba wasaidiwe kurudi Afrika, wapate ardhi, wajenge kanisa na kujitawala wenyewe katika nchi ambayo hali ya hewa na watu wake wangewapokea. Ni vigumu kuyasoma maandishi hayo mawili kwa kufuatana bila kuona jinsi moyo wa mtu unavyoweza kugeuka mlango unapofungwa usoni mwake. Ombi hilo nalo halikuzaa kitu. Oktoba mwaka huo huo, hati ya London ikiwa tayari mikononi, Hall alirudi Bungeni na hoja ya mtu aliyeamua kukaa: watu weusi wanalipa kodi kama wengine, kwa hiyo watoto wao wanastahili shule. Hilo pia lilikataliwa.

Februari 1788 ndipo loji ilipopimwa kwa kweli. Wanaume watatu weusi, watu huru wa Boston, walialikwa kufanya kazi ndani ya meli. Walipokuwa chini, wakafungiwa, na meli ikang'oa nanga kuelekea visiwa vya Karibiani, ambako mtu mweusi aliyeshushwa bila karatasi alikuwa bidhaa. Mmoja wao alikuwa Frimasoni. Habari zilipofika mjini, Hall hakungoja. Tarehe 27 Februari yeye na wanachama zaidi ya 20 wa loji walitia saini ombi kwa Bunge. Walieleza kilichowapata wenzao, wakasema kwamba baharia au kibarua mweusi sasa anaogopa kupanda chombo chochote asije akauzwa, na wakauliza kwa nini meli za biashara ya watumwa zinaendelea kuandaliwa katika bandari za jimbo lililojiita huru. Wachungaji wa Boston, wakiongozwa na Jeremy Belknap, na Wakweka nao walipeleka malalamiko yao.

Safari hii Bunge lilisikia. Kufikia mwisho wa Machi lilikuwa limepitisha sheria ya kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wa jimbo na kuziwezesha familia za waliotekwa kudai fidia. Gavana John Hancock na balozi mdogo wa Ufaransa waliandika barua kwenda kwa magavana wa visiwa. Mateka watatu walikuwa wamefikishwa Saint-Barthélemy, na barua za Belknap zasimulia kwamba mfanyabiashara aliyeletewa awanunue alikuwa Frimasoni pia, na kwamba yeye na yule mwanachama wa Boston walitambuana. Walikataa kuuzwa, wakazuiwa kisiwani hadi mambo yalipothibitika. Julai walirejea nyumbani. Asubuhi baada ya kufika, Prince Hall mwenyewe aliwapeleka kwa Belknap.

Furaha hiyo ilikuwa na doa. Machi ile ile Bunge lilipitisha sheria nyingine, dhidi ya wazururaji, iliyosema kwamba Mwafrika asiye raia wa mojawapo ya majimbo ya Marekani wala raia wa mfalme wa Moroko hana ruhusa ya kukaa Massachusetts zaidi ya miezi miwili, na kwamba asipoondoka baada ya kuonywa anaweza kufungwa na kuchapwa viboko. Mwaka 1800 wakuu wa Boston waliitumia sheria hiyo kutangaza gazetini majina ya watu weusi wengi waliotakiwa kuhama. Wabunge wale wale walimlinda Mwafrika asiibwe na kumwamuru mwingine aondoke.

Loji yenyewe haikuwa ya matajiri. Wengi wa wanachama wake waliishi kwa kazi za mikono na vibarua vya bandarini. Hata hivyo waliweka akiba, wakasaidiana katika ugonjwa na msiba, na mara kadhaa walituma michango yao midogo London kwa mfuko wa sadaka wa Loji Kuu. Mwaka 1789 mhubiri mweusi John Marrant aliwatolea hotuba katika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, nayo ikachapishwa. Hall mwenyewe alitoa hotuba mbili zilizochapishwa, mwaka 1792 na 1797. Katika ya pili alizungumza waziwazi juu ya matusi na vipigo walivyopata watu weusi katika uwanja wa Boston siku za sikukuu, akawataka wavumilie, kisha akawaelekeza macho Haiti, ambako miaka sita kabla watumwa walikuwa wameamka dhidi ya mabwana zao. Kuitaja Haiti kwa tumaini hadharani, katika nchi yenye watumwa zaidi ya nusu milioni, si jambo la mtu mwoga.

Mwaka huo wa 1797 Waafrika wa Philadelphia, wakiwamo wachungaji Absalom Jones na Richard Allen, walipata kibali kutoka kwa Hall cha kufungua loji yao, na wale wa Providence vilevile. Boston ikawa mama wa loji nyingine. Suala la shule nalo halikufa. Mwaka 1798 wazazi weusi walianzisha shule wenyewe nyumbani kwa Primus Hall, na mwaka 1808 ikahamia katika jengo la kanisa lao, African Meeting House, ambalo bado limesimama.

Prince Hall hakuliona darasa hilo jipya. Alifariki dunia tarehe 4 Desemba 1807, akazikwa katika makaburi ya Copp's Hill. Wenzake waliipa loji yao kuu jina lake. London ililifuta jina la Loji ya Kiafrika katika daftari lake mwaka 1813, na mwaka 1827 ndugu wa Boston wakatangaza kwamba hawako chini ya mamlaka yoyote. Miongoni mwao alikuwa David Walker, ambaye kijitabu chake cha mwaka 1829 dhidi ya utumwa kiliwatia hofu watawala wa majimbo ya kusini. Baadaye W.E.B. Du Bois na wakili Thurgood Marshall walikuwa wanachama wa loji zenye jina la Prince Hall, na loji hizo zilichangia fedha za kesi za kupinga ubaguzi mashuleni. Loji Kuu ya Uingereza iliitambua ile ya Massachusetts mwaka 1994.

Kule Copp's Hill, jina la Hall lilichongwa nyuma ya jiwe la kaburi la mkewe wa kwanza, Sarah Ritchie. Nguzo ya kumbukumbu iliongezwa kando yake mwaka 1895. Hati iliyoletwa na nahodha Scott ilinusurika katika moto wa mwaka 1869, nayo ingali mikononi mwa loji za Boston.