Sayyidna Umar na zamu ya jirani yake

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ijumaa hii tumtazame Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), khalifa wa pili. Wengi wenu mnamjua kwa ukali na uadilifu. Leo mmjue kwa namna alivyogawa kazi.

Alipohamia Madina alikaa sehemu za juu, mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.). Alikuwa na riziki ya kutafuta, alikuwa na elimu ya kutafuta, na siku ni moja. Basi yeye na jirani yake, mtu wa Ansari, wakapatana kushuka kwa zamu: siku moja huyu, siku ya pili yule. Aliyeshuka alirudi na habari zote za siku ile, za wahyi na nyinginezo, na aliyebaki alikuwa amefanya kazi zake. Wewe unayesema huna nafasi ya darsa kwa sababu ya shamba au soko, je, huna jirani? Likelemba ya feza tunaijua sana. Likelemba ya elimu, hapana.

Lakini sikiliza. Usiku mmoja jirani aligonga mlango kwa nguvu. Umar akadhani Waghassan wamevamia, maana watu walikuwa wakiwahofia siku zile. Jirani akamwambia ni zaidi ya hilo: Mtume amewaacha wake zake. Na Hafsa, binti yake Umar, alikuwa mmoja wao! Alfajiri Umar akashuka, akaswali, akaenda kwa Hafsa akamkuta analia. Akaomba ruhusa kwa Mtume mara tatu bila jibu, mwisho akaitwa, akauliza kwa kinywa chake. Haikuwa talaka. Mtume alijitenga nao mwezi mmoja tu. Jirani hakuwa mwongo, alileta yaliyosemwa mjini. Kwa hiyo ukimwachia mwenzio kazi, usimwachie na kuuliza.

Mwaka 634 (13 H) akawa khalifa, na nchi ikapanuka hadi Iraki, Shamu na Misri. Kufa aliigawia watu watatu: Ammar bin Yasir swala na jeshi, Abdullah bin Masud hukumu na hazina, Uthman bin Hunayf kupima ardhi. Mwenye jeshi hakushika hazina. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa faida yake. Na watu walipomlalamikia gavana, Muhammad bin Maslama ndiye aliyetumwa kwenda kuchunguza.

Kazi moja alikataa kuigawa. Usiku alimkuta mama na watoto wenye njaa, akarudi kuchukua unga. Mtumishi wake Aslam akataka kuubeba yeye. Umar akakataa, akautia mgongoni mwake, akapika mwenyewe, akangoja mpaka watoto wakashiba.

Mwaka 644 (23 H) alichomwa kisu akiswalisha alfajiri. Akiwa kitandani na jeraha lake aligawa kazi mara ya mwisho. Suhaib aswalishe watu. Masahaba sita, Uthman, Ali, Talha, Zubair, Saad na Abdurrahman bin Auf, washauriane wamchague khalifa. Mwanawe Abdullah ahesabu madeni ya baba yake na kuyalipa. Katika shauri lile awepo, lakini ukhalifa asipewe.