PAPA SIMON KIMBANGU, BABA WA NYUMBA



Kila mwaka tunakumbuka Papa Simon Kimbangu kama nabii, na ni haki yake. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba mtumishi huyu wa Mungu alikuwa pia mume wa mke mmoja na baba wa watoto watatu. Safari hii tutazame maisha yake kwa upande wa nyumba yake. Na sisi watu wa Katanga tusikilize vizuri, maana sehemu kubwa ya maisha yake ilipita hapa kwetu, nyuma ya kuta za gereza.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1887 katika kijiji cha Nkamba, nchi ya Bakongo. Baba yake aliitwa Kuyela, na mama yake Lwezi. Wote wawili walifariki yeye akiwa bado mdogo. Shangazi yake Kinzembo, ndugu ya mama yake, ndiye aliyemchukua na kumlea. Kwa hiyo alijua tangu utoto maana ya kuwa yatima, na alijua pia kwamba mtoto wa ndugu yako ni mtoto wako.

Alisoma kidogo kwa wamisionari Wabatisti wa Uingereza. Akamwoa Mama Marie Mwilu, na tarehe 4 Julai 1915 wote wawili wakabatizwa pamoja kwenye misioni ya Ngombe Lutete. Mungu akawapa wana watatu: Charles Kisolokele mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916, na Joseph Diangienda mwaka 1918. Alikuwa mtu wa kawaida wa kijiji. Alilima shamba, alifundisha neno la Mungu, alikula jasho lake.

Mwaka 1918, wakati homa kubwa ilipokuwa inaua watu wengi katika nchi, alisikia mwito wa Mungu. Hakuukubali upesi. Alijiona si mtu wa kutosha kwa kazi hiyo. Alikimbilia Kinshasa, wakati ule Léopoldville, akatafuta kazi ya mshahara kama wanaume wengi wenye watoto wa kulisha. Lakini huko hakupata raha, akarudi Nkamba kwa mke na watoto.

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, alimwekea mikono mwanamke mgonjwa akamwombea kwa jina la Yesu, na mwanamke akapona. Habari ikaenea kama moto wa kiangazi. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu, wakabeba wagonjwa wao kwenda Nkamba. Papa Simon aliwafundisha kutupa sanamu za uganga, kuacha ngoma za aibu, na mwanaume kukaa na mke mmoja. Fundisho hilo la mwisho liligusa nyumba nyingi, na yeye mwenyewe alilifuata nyumbani mwake.

Serikali ya Wabeleji iliogopa. Tarehe 6 Juni 1921 mtawala Léon Morel alifika Nkamba pamoja na askari ili kumkamata, lakini aliponyoka. Kwa miezi mitatu alikaa mafichoni huku akihubiri. Kisha tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba kwa hiari yake, akajitoa mikononi mwa askari. Angeweza kuvuka mpaka akaishi mbali. Lakini alirudi kijijini kwake, mbele ya mke wake na watu wake.

Ndugu zangu, hapa ndipo nyumba ilipovunjwa. Siku ile Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana 5, na Diangienda 3. Tarehe 3 Oktoba tribunali ya kijeshi huko Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu bila mtetezi: viboko 120, kisha kifo. Wamisionari Wabatisti walimwombea huruma, na mwezi wa Novemba Mfalme Albert akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta Elisabethville, Lubumbashi yetu ya leo, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwa mke na watoto.

Akakaa kifungoni miaka thelathini. Hesabu pole pole, ndugu msomaji. Mtoto wa miaka 3 aliyeachwa mlangoni alikuja kuwa mtu mzima wa miaka 33, na baba bado yuko gerezani.

Na Mama Mwilu? Alibaki Nkamba chini ya macho ya serikali. Kisolokele alichukuliwa akapelekwa shule ya serikali huko Boma, na Diangienda naye alisomea huko baadaye. Dialungana alibaki karibu na mama. Waamini kwa maelfu walifukuzwa makwao, wakatupwa mbali, wengine mpaka Lowa kwenye mto Lualaba, mahali ambapo watu husema Kiswahili. Katika miaka hiyo yote Mama Mwilu alishika jembe kwa mchana, na kwa siri aliwapokea waamini na kuwatia moyo. Hakuolewa na mwingine. Jina la baba halikufutika katika nyumba ile, kwa sababu mama alilitunza.

Papa Simon alifariki hapa Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, akiwa na miaka 64. Alizikwa ugenini, mbali na kijiji alichozaliwa.

Lakini Mungu hakuiacha nyumba hiyo. Wana watatu waliungana kukusanya watu wa baba yao. Mama Mwilu alilala tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba mwaka huo huo serikali ilikubali Kanisa, na Diangienda akaliongoza mpaka alipofariki mwaka 1992. Baada yake Dialungana aliongoza mpaka mwaka 2001. Kisolokele alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Kongo huru mwaka 1960. Mwezi wa Aprili 1960, kabla ya uhuru, mwili wa Papa Simon uliondolewa huku Katanga ukarudishwa Nkamba. Baba akarudi nyumbani, ingawa mama alikuwa amekwisha kutangulia. Mwaka 2011 mahakama kuu ya kijeshi ya Kinshasa ilifuta hukumu ile ya 1921, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa.

Wapendwa, tuchukue nini? Wababa wengi kati yetu hawajafungwa na mtu. Wako mjini, wako kwenye machimbo, simu iko mfukoni, barabara iko wazi, lakini watoto hawajui sura yao. Wengine wanalala nyumbani kila usiku, na bado mama anabeba kila kitu peke yake. Papa Simon alizuiwa kwa nguvu kuwaona watoto wake, lakini watoto walijua baba yao alisimamia nini, wakalisimamia pia.

Na ninyi akina mama mnaolea peke yenu, kwa ujane, kwa vita au kwa kuachwa, mkumbukeni Mama Mwilu. Kazi yenu inaonekana mbele za Mungu. Sisi wa Kanisa tusingoje mpaka msiba ndipo tubishe hodi. Kinzembo alimchukua yatima mmoja, na yatima yule akawa baraka kwa nchi nzima.

Baba aliye mbali na arudi. Aliye karibu akae kweli. Bwana azilinde nyumba zenu. Amina.