Hamaguchi Goryo: Tajiri aliyechoma mabua, kisha akajenga ukuta

KWA muda mrefu watoto wa shule nchini Japani walifunzwa habari za mzee aliyeteketeza mavuno yake ili awaokoe wanakijiji wenzake na tsunami. Habari hizo zina ukweli mwingi, ila mzee mwenyewe hakuwa mzee. Hamaguchi Goryo alikuwa na umri wa miaka 34 usiku ule, na kazi yake kubwa ilianza baada ya moto kuzimika.

Alizaliwa mwaka wa 1820 katika kijiji cha Hiro, kilichoko pwani ya mkoa unaoitwa leo Wakayama. Ukoo wake ulikuwa wa matajiri waliotengeneza sosi ya soya katika mji wa mbali wa Choshi, mashariki mwa Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya sasa. Goryo alirithi biashara hiyo na maisha yake yakawa ya kwenda na kurudi kati ya Choshi na Hiro.

Hiro kilikuwa kijiji kilichojua hasira ya bahari. Mwaka wa 1707 tsunami ilikuwa imekiangamiza, lakini walioyaona hayo walikwishakufa zamani.

Mnamo Desemba 23, 1854, ardhi ilitikisika. Goryo aliwahimiza watu wapande mlimani, penye hekalu la kijiji. Usiku ukapita salama, na asubuhi wakarejea makwao wakidhani hatari imekwisha. Jioni ya siku iliyofuata likaja tetemeko kubwa zaidi, na mara bahari ikaingia kijijini. Goryo mwenyewe alikumbwa na maji, akaponea chupuchupu.

Giza lilikuwa limetanda na wengi walikuwa hawajui waelekee wapi. Ndipo yeye na wenzake waliposhika mienge, wakayatia moto marundo ya mabua ya mpunga yaliyokuwa mashambani. Walionusurika wakaifuata njia ile ya moto hadi mlimani. Muda mfupi baadaye wimbi kubwa likaja na kuyazoa marundo yenyewe. Watu wapatao 30 walikufa, lakini wakazi wengi mno waliokolewa.

Wengine wangetosheka na sifa hiyo. Goryo aliona kwamba aliyeokolewa usiku huweza kufa njaa mchana. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa, mashua na nyavu hazikuwapo, na baadhi ya watu walikuwa wakipanga kuuhama mji wa wazee wao. Alitafuta mchele wa kuwalisha, akajenga makao kwa fedha zake, akawapa wavuvi na wakulima vifaa vya kuanzia upya.

Kisha akaomba idhini ya watawala, akaanza kujenga ukuta wa udongo ufuoni. Hapa ndipo busara yake inapoonekana. Ukuta ule ulikuwa kinga ya maafa yajayo, na papo hapo ukawa ajira ya waliofikwa na maafa yaliyopita. Mamia ya wanakijiji, wanaume kwa wanawake, walibeba udongo na kulipwa ujira. Mwaka wa 1855 tetemeko jingine liliikumba Edo na biashara ya ukoo ikapata hasara, lakini kazi haikukoma. Ilipomalizika mwaka wa 1858, ukuta ulikuwa na urefu wa mita 600 hivi, kimo cha mita 5 na upana wa mita 20 kwenye msingi. Misonobari ilipandwa ili mizizi yake iushike udongo.

Wanakijiji walitaka kumjengea hekalu na kumtukuza kama mungu. Alikataa katakata. Baadaye alishika nyadhifa serikalini, ikiwamo kusimamia huduma za posta mwaka wa 1871, na akawa mwenyekiti wa kwanza wa baraza la mkoa wa Wakayama. Alifariki mwaka wa 1885 jijini New York, akiwa katika safari aliyoitamani tangu ujanani.

Ukuta ulisubiri. Mnamo Desemba 21, 1946, miaka 88 baada ya kukamilika, tsunami ilirejea. Sehemu kubwa ya kijiji ilisalimika nyuma yake. Waliokufa walikuwa hasa katika maeneo ambayo ukuta haukuyafikia.

Mwandishi Lafcadio Hearn ndiye aliyemfanya Goryo kuwa mzee, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1897. Moto ukapata umaarufu, ukuta ukasahauliwa na wengi. Mnamo 2015 Umoja wa Mataifa uliteua Novemba 5 kuwa Siku ya Kimataifa ya Uhamasisho kuhusu Tsunami. Hiyo ndiyo tarehe ya mkasa wa Hiro kwa kalenda ya kale ya Kijapani. Sisi Wakenya hatuwezi kuiona siku hiyo kuwa ya wageni. Mnamo Desemba 26, 2004 tsunami iliyotokea Sumatra ilifika pwani yetu baada ya saa kadhaa, na kwa kuwa watu walionywa na kuondolewa fuoni, aliyekufa ni mtu mmoja.

Huko Hiro, kila mwaka ifikapo Novemba, wakazi na watoto wa shule hubeba udongo na kuuongeza juu ya ukuta wa Goryo.