Leonhard Euler: Aliyepofuka Akaona Nambari

Wengi wetu tukiingia kipindi cha hisabati twatamani kengele ilie. Hebu leo tumtazame hayati Leonhard Euler, bwana aliyependa hesabu hadi kufa kwake.

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa na alitaka mwanawe afuate nyayo hizo. Lakini mwalimu Johann Bernoulli alikiona kipaji chake, akamsihi mzee amwachilie asome hisabati. Mzee akakubali. Mwaka wa 1727, akiwa na miaka 20, Euler alikwenda kufanya kazi St Petersburg, Urusi.

Masaibu hayakukawia. Jicho la kulia liliharibika miaka ya 1730. Aliporudi Urusi mwaka wa 1766, baada ya miaka 25 mjini Berlin, la kushoto nalo likaingiwa na mtoto wa jicho. Mwaka wa 1771 nyumba yake iliteketea, naye akaokolewa motoni. Mwaka uo huo alipasuliwa jicho, akaona kwa muda mfupi tu, kisha giza likarudi. Mwingine angeketi kivulini angoje mauti. Euler, ng'o! Alihesabu kichwani, wanawe na wasaidizi wakaandika.

Mwaka wa 1772 akatatua fumbo la 2,147,483,647. Nambari hii hupatikana ukizidisha mbili 31 pamoja, kisha utoe 1. Mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alidai mwaka wa 1644 kwamba ni nambari tasa, yaani haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hakuthibitisha.

Tuseme hayo ni maembe. Mwaka wa 2019 watu wa Kitui na Makueni walihesabiwa 2,123,840. Kila mmoja akipewa maembe 1,000, bado yatabaki zaidi ya milioni 23! Sasa yapeleke yote sokoni Wote, uyapange mafungu yanayolingana: 3, 7, 11 au mangapi upendayo. Hayaingii sawa, ila uweke fungu moja tu au kila embe peke yake.

Euler alijuaje? Kama kigawanyo kipo, kimoja hakipiti kipeuo cha pili, yaani kama 46,340. Kujaribu vyote ni taabu. Yeye akaonyesha kwamba kigawanyo tasa chochote cha nambari hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kumbe vya kujaribiwa havikufika 400! Vyote vikashindwa. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana nambari tasa kubwa kuliko hiyo.

Euler alifariki tarehe 18 Septemba 1783. Mwaka wa 2024 ilitangazwa nambari tasa yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, iliyopatikana kwa kompyuta. Yeye alitumia kichwa tu, tena gizani.

Basi mwenzangu, swali likiwa gumu usikimbilie kujaribu ovyo. Fikiri kwanza, upunguze kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.